Tiyo mbili zikutane vizuri kabla ya bageti

Hapa Uvira, kazi ya chuma inafanywa karibu kila mahali: kando ya barabara Mulongwe, karibu na bandari ya Kalundu, kuelekea Kavimvira, na mara nyingi ndani ya parsele, chini ya mti wa embe. Hapo njo kunatoka vitanda, viti, milango, vibeba mizigo vya moto na baiskeli, pamoja na vile vigari vya magurudumu matatu ambavyo ndugu zetu wenye ulemavu wanazungusha kwa mikono. Vyote hivyo vinatengenezwa kwa tiyo. Na palipo na tiyo mbili zenye kukutana, kuko swali moja ambalo wateja wengi hawaulizi: mdomo wa tiyo ulikatwa namna gani?

Wasomaji wetu watuelewe. Tiyo iko mviringo. Ukiikata sawasawa kama soseji, halafu ukaisimamisha juu ya tiyo ingine, itagusa sehemu mbili tu, mbele na nyuma. Pande za kuume na kushoto zinabaki wazi. Wafaransa wanaita mkato unaotakiwa hapo « gueule de loup », maana yake mdomo wa mbwa mwitu. Sisi wa kando ya Tanganyika tungeweza kusema mdomo wa samaki aliyefunguka: tiyo ya kwanza inakula mgongo wa tiyo ya pili, bila nafasi katikati.

Mafundi wengi wanajua jambo hilo, lakini haraka ya mteja na bei ndogo vinawasukuma kwenye njia ya mkato. Mmoja anaponda ncha ya tiyo kwa nyundo mpaka inakuwa bapa. Mwingine anakata sawa, halafu anajaza nafasi kwa vipande vya bageti na sudire nene. Ukipaka rangi, kazi inapendeza. Tatizo linaonekana baadaye. Tiyo iliyopondwa inaanza kupasuka pale ilipokunjwa. Sudire yenye kujaza shimo inashikilia ukingo mwembamba tu wa chuma ambacho moto ulishakichoma. Mvua inaingia kupitia vitundu, na kutu inakula ndani mahali macho hayafiki. Siku kibeba mizigo kinapoachia barabarani kuelekea Sange, ikiwa mtoto amekaa juu ya gunia, hakuna atakayeuliza kama rangi ilikuwa nzuri. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa tiyo, sisi tunasema ufa usiwepo tangu mwanzo.

Sababu ni ya kawaida. Tiyo za fanicha na vibeba mizigo mara nyingi zina ukuta wa milimita 1.5 hivi. Bageti ya milimita 2.5 inataka ampere kama 60 hadi 80. Zikikutana vizuri, moto unagawanyika kwa vyuma viwili na sudire inashika pande zote. Kukiwa na nafasi ya milimita 3, moto unakula ukingo, shimo linapanuka, fundi anaongeza bageti, shimo linapanuka tena. Bageti zinaisha na umeme unaisha. Kwa hiyo mkato mzuri si anasa, unapunguza gharama.

Watu wanafikiri lazima mashine. Kweli, kuko mashine ya kazi hiyo: chuma kinachoshika tiyo kwa pembe unayotaka, na msumeno wa duara, ule wanaoita scie-cloche, unaozungushwa na mashine ya kutoboa. Msumeno huo uwe na kipimo cha tiyo itakayopokea, uzunguke polepole, na utiwe mafuta kidogo. Kwa atelie yenye kutengeneza vitu 20 vya aina moja, ni chombo kizuri. Lakini angalieni kipimo. Tiyo ya maji inayoitwa « pouce moja » haina milimita 25 kwa nje. Iko na 33.7. Ya nusu pouce iko na 21.3, ya robo tatu 26.9. Mwenye kununua msumeno kwa kusikia jina, bila kupima tiyo yenyewe, anatupa pesa.

Kwa fundi wa parsele, karatasi, msumeno wa mkono na lime vinatosha. Tuchukue mfano wa tiyo mbili za milimita 32 zinazokutana kwa pembe mraba.

Zungusha ukanda wa karatasi ngumu kwenye tiyo, weka alama pale ncha inapokutana na mwanzo, kata. Utapata urefu wa kama milimita 100. Kunja karatasi katikati mara nne. Ukifungua, una sehemu 16 zenye kulingana, bila hesabu yoyote. Kuanzia ukingo wa juu, shuka kwenye kila mstari kwa milimita hizi: 0, 6, 11, 15, 16, kisha 15, 11, 6, 0, halafu rudia vilevile mpaka mwisho. Unganisha alama kwa mkono, kata kwa makasi. Hiyo njo gabari yako. Ifungie kwenye tiyo, ukingo wa juu ulingane na ncha, chora kwa chaki au kwa msumari.

Tiyo ingine yenye kipimo tofauti? Ikiwa mbili zinalingana unene, chukua nusu ya kipimo cha nje, uizidishe kwa 0.38, 0.71, 0.92 na 1. Kwa tiyo ya milimita 25, utapata karibu 5, 9, 11.5 na 12.5.

Sasa kata. Kwa msumeno, fanya mikato miwili ya mshazari yenye kukutana chini kama herufi V, bila kuvuka mstari. Kinachobaki, kimalize kwa lime ya nusu mviringo. Usisahau ndani: ukuta wa ndani wa yale masikio mawili njo unagusa kwanza, kwa hiyo upunguze zaidi kuliko nje. Ncha za masikio zikibaki nyembamba kama wembe, ziondoe milimita 2 au 3, kwani moto utaziyeyusha tu. Halafu weka tiyo mahali pake, uangalie mbele ya jua. Ukiona mwanga unapita, rudi kwenye lime. Usipoona kitu, lete bageti.

Urefu nao unadanganya wengi. Ukitaka umbali wa milimita 500 toka katikati ya tiyo moja mpaka katikati ya ingine, kata kipande cha 500, halafu chimba 16 kila upande. Pale chini kabisa ya midomo patabaki 468. Na midomo miwili itazame sawa. Lalisha kornieri juu ya tiyo, yenyewe itakaa sambamba. Chora mstari wa moja kwa moja toka ncha hadi ncha, na uweke mkunjo wa sifuri wa gabari juu ya mstari huo pande zote mbili. Bila hivyo, kiti kitakuwa na mguu mmoja wenye kuangalia Burundi na mwingine wenye kuangalia mlima.

Kwa tiyo inayolala mshazari, gabari hii haitoshi: upande wa pembe kali unakatwa zaidi, upande wa pembe pana unabaki mrefu. Fanya jaribio kwanza kwenye kipande cha tiyo ya plastiki. Chuma ni bei.

Kwa nini tunasisitiza lime wakati kuko mashine ya meule? Juu umeme wetu, hata kama unatoka Ruzizi, unajulikana kwa kukatika. Fundi anakaa anangoja, au anawasha jenereta na faida yote inaenda kwenye mafuta. Lakini kupima, kuchora, kukata na kulimia havitaki umeme. Mwenye kutayarisha midomo yote mchana, akaipanga, akaifunga kwa waya, siku moto ukirudi kwa saa mbili atasude kazi nzima. Saa za kungoja umeme ni saa za lime.

Wenye kutumia meule, tunawaomba mambo mawili. Disiki ya 230 haiwekwi kwenye mashine ndogo ya 115 kwa kuondoa kinga. Ile ndogo inazunguka haraka karibu mara mbili ya kiwango disiki kubwa inachoweza kuvumilia. Ikipasuka, inaruka usoni. Na tiyo ya maji yenye zinki, kwaruza zinki yote karibu na mdomo kabla ya kusude, na ufanyie kazi nje penye upepo. Moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku, ambayo mtu anaweza kuidhania malaria.

Na ninyi, baba na mama mnaotoa agizo, musingoje rangi. Pita atelie kabla ya kupaka. Omba kuona mahali tiyo zinakutana kabla ya sudire, au uzungushe kidole baada yake: sudire nzuri ni nyembamba na inazunguka pande zote, iliyovimba kama kichuguu upande mmoja inaficha nafasi. Angalia kama ncha imepondwa. Mwishoni, ulize bei ya kazi iliyokatwa mdomo na ile isiyokatwa, na ukubali kulipa ya kwanza. Fundi anayelipwa kwa haraka atafanya ya haraka. Akilipwa kwa saa moja ya lime, ataichukua saa hiyo. Kwa kitanda, tofauti ni usingizi. Kwa kigari cha mtu ambaye mikono yake ndiyo miguu yake, tofauti ni kufika sokoni au kubaki njiani.