Kuunganisha, Kukarabati na Kuunda Nakala

Mwalimu wa Kasulu au Kibondo anayefundisha habari za meli za Ziwa Tanganyika huenda ana wanafunzi ambao hawajapata kuliona ziwa lenyewe. Wao hutegemea maneno yake tu. Kwa sababu hiyo tunakusudia hapa kupambanua istilahi tatu zilizo rahisi kuchanganywa: kuunganisha, kukarabati na kuunda nakala.

Tuichukue Liemba. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, ikapelekwa bara kwa reli, na mwaka 1915 ikashushwa majini Kigoma. Kazi iliyofanyika Kigoma ni kuunganisha.

Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha kwa makusudi, baada ya kuzipaka mashine zake grisi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa, zikatiwa za dizeli. Kazi hizo za matengenezo ni kukarabati, kwani bodi ya meli ilibaki ile ile.

Nakala ni jambo jingine. Chombo cha mvuke cha Robert Fulton, kilichosafiri katika Mto Hudson, Marekani, mwaka 1807, hakikuwapo tena mwaka 1909, wakati wa maadhimisho yake huko New York. Hivyo kiliundwa kingine cha kufanana nacho, kikaitwa Clermont. Hicho ni nakala. Tusikiite mfano, kwa kuwa mfano ni ule mdogo unaowekwa mezani.

Liemba iliundwa kwenda kwa rafadha. Chombo cha Fulton kilikwenda kwa magurudumu ya ubavuni yenye mbao za kupigia maji. Tunapendekeza gurudumu hilo liitwe gurudumu la makafi. Kasia hufungwa chomboni, lakini kafi hushikwa mkononi na kuchota maji moja kwa moja, kama zifanyavyo mbao hizo. Mwanafunzi aliyeona mtumbwi katika Mto Malagarasi ataelewa mara moja. Aidha, tunapendelea meli ya mvuke kuliko stima, kwa kuwa stima nchini Kenya ni umeme pia.

Tofauti hizi si za wanalugha peke yao. Ofisa akiandika kuunda upya mahali pa kukarabati, msomaji ataamini kwamba meli ya kale imekwisha kutoweka. Akiandika kukarabati mahali pa kuunda nakala, atakuwa amekipa kitu kipya umri kisichokuwa nao. Fedha zinazoombwa na historia inayofundishwa hufuata neno lililoandikwa. Basi mtafsiri na ajiulize kwanza: je, bodi ya awali ingalipo? Jibu ndilo litakalompa istilahi.