Cibitoke: Lini ukate ua lililonyauka, na lini uliache?

Mvua za mwisho huaga jiji la Bujumbura mwezi Mei, na kwa takriban miezi mitatu inayofuata anga hubaki kavu. Katika mtaa wa Cibitoke, kaskazini mwa jiji (usichanganywe na uliokuwa mkoa wa Cibitoke, ulio karibu na mipaka ya Kongo na Rwanda), huo ndio wakati ambapo mwenye maua machache uani hulazimika kuamua ni mmea upi utakaopata maji na upi utakaosubiri. Dumu la lita 20 lina kazi nyingi nyumbani kabla ya kufika kwenye waridi.

Sehemu kubwa ya uamuzi huo imo katika mkasi.

Mmea hauchanui ili kumpendeza mpita njia. Huchanua ili upate mbegu. Ua likishachavushwa, petali hunyauka na sehemu iliyo chini yake huanza kuvimba. Mbegu changa zilizomo humo huvuta sukari na maji yaliyokuwa yakienda kwingine, na hutoa kemikali zinazouashiria mmea upunguze matumba mapya. Kwa mimea ya msimu mmoja kama zinia, mbegu zikishakomaa, mmea wenyewe huanza kufa. Anayekata ua lililonyauka mapema huuacha mmea bila kile ulichokitafuta, nao hujaribu tena.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kunyofoa petali peke yake. Uani hupendeza kwa siku mbili tatu, lakini kile kifuko kilichovimba kinabaki kwenye kikonyo na kinaendelea kunyonya.

Kwa waridi, mkasi hushuka hadi kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano, na shina hukatwa juu kidogo ya jicho linaloelekea nje, ili tawi jipya lisiingie katikati ya kichaka ambako hewa haipiti. Zinia hukatwa juu ya jozi ya majani, na kutoka hapo huchipuka matawi mawili. Dalia huwachanganya hata wazoefu, kwa kuwa tumba lake na ua lake lililopita hufanana kwa mbali. La kuangalia ni umbo: tumba ni la mviringo kama kifungo, na lililopita limechongoka kama pia.

Hibiskasi haihitaji taabu hiyo. Ua lake kwa kawaida huishi siku moja tu, kisha huanguka lenyewe. Bogenvilia nayo ina hadithi yake. Ile zambarau au nyekundu inayofunika kuta si petali bali ni majani yaliyobadilika rangi. Ua halisi ni kile kijineli cheupe kilicho katikati. Mmea huo, uliopewa jina la baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, asili yake ni Amerika Kusini na huchanua zaidi ardhi ikiwa kavu. Kuumwagilia kila siku ni kupoteza maji. Unachohitaji ni kufupishwa matawi baada ya kila mkupuo wa rangi, kwa sababu maua hutokea kwenye machipukizi mapya.

Ugumu unaanza pale mtu anapofuata kalenda ya vitabu vilivyoandikwa Ulaya. Vitabu hivyo humwagiza msomaji aache kukata maua majira ya baridi yanapokaribia, na apogoe waridi mwezi Machi. Bujumbura iko kiasi cha nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na urefu wa siku haubadiliki sana mwaka mzima. Hapa Machi ni katikati ya mvua, na jeraha bichi kwenye shina lililolowa ni mlango wa kuvu. Kinachogawa mwaka ni maji.

Kuanzia mvua zinaporejea, Septemba au Oktoba, hadi Mei, ukataji hauna budi kuwa wa mara kwa mara, hata kila baada ya siku tatu. Petali zilizooza kwenye unyevu huota ukungu wa kijivu ambao huhamia kwenye matumba yenye afya. Mabaki huondolewa chini ya mmea, na mkasi hufutwa kwa pombe ya kusafishia vidonda kabla ya kuhamia kichaka kingine. Kati ya Desemba na Januari mvua hupungua kwa muda, kipindi ambacho Warundi hukiita umukubezi, na huo ni wasaa mzuri wa kuondoa matawi yaliyougua.

Katika kiangazi kirefu, kwa Kirundi ici, mkono unapaswa kuwa mwepesi. Kupogoa sana mwezi Juni huuamsha mmea utoe machipukizi laini, na machipukizi laini hunywa maji ambayo hayapo. Kwa waridi inatosha kuondoa ua lililokufa na kuacha majani yote, kisha kutandaza nyasi kavu kuzunguka shina. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanafaa kabisa. Yenye sabuni nyingi yaachwe. Upogoaji mkubwa husubiri mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, ili majani mapya yakutane na mvua. Vyungu vyenye visahani chini yake vimwagwe angalau mara moja kwa wiki, kwani mbu hutaga humo.

Kuna maua ambayo ni busara kuyaacha. Ifikapo Mei, vichwa vitano au sita vya zinia vilivyo bora huachwa bila kuguswa hadi vigeuke rangi ya kahawia na kukauka kwenye shina. Ukavu wa Juni, ule ule unaoitesa waridi, huzikausha mbegu vizuri bila kuoza. Asiyeacha hata kimoja atalazimika kununua miche upya mvua zikirudi. Mbegu huvunwa asubuhi baada ya umande kukauka, husuguliwa viganjani, na kuhifadhiwa ndani ya bahasha ya karatasi, kamwe si kwenye mfuko wa plastiki unaobana unyevu. Juu ya bahasha huandikwa rangi ya ua na mwezi wa kuvuna, kisha huwekwa penye kivuli hadi Oktoba.