Hukwe Zawose alikuwa mtunzi

Muulize mpenzi wa muziki wa Kigogo wimbo anaoupenda umetungwa na nani, na mara nyingi atakujibu kwamba ni wimbo wa Wagogo, basi. Huku kwetu Busi, wilayani Kondoa, ambako wengi wetu ni Warangi, jibu huwa ni hilo hilo kwa nyimbo zetu: ni za wazee, tumezikuta. Jibu lenyewe lina ukweli wake, lakini limemdhulumu Hukwe Ubi Zawose, Mgogo aliyezaliwa mkoani Dodoma enzi za ukoloni na kufariki dunia Desemba 30, 2003. Wengi wanamkumbuka kama mpigaji hodari wa ilimba na mwimbaji wa ngoma za asili. Yote mawili ni kweli. Lililosahaulika ni kwamba alikuwa mtunzi, tena mtunzi wa ngazi ile ile tunayowapa Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu wa muziki wa dansi bila ubishi.

Katika muziki wa dansi hatuna tatizo hili. Mbaraka alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, mashabiki walijua wazi nani ameondoka na nini kimeondoka naye. Remmy Ongala aliingia Dar es Salaam kutoka Kongo mwaka 1978, akapigia Orchestra Makassy, akahamia Matimila, na baadaye akaokoka na kuimba Injili hadi alipofariki Desemba 2010. Katika hatua zote hizo nyimbo zake zilibaki kuwa za Remmy. Wapenzi wa dansi wako tayari kukesha wakibishana nani alitunga nini akiwa bendi gani. Kwa ngoma za asili hakuna anayebishana, kwa kuwa hakuna anayeuliza.

Ili tujue Zawose alitunga nini, inabidi kwanza tujue alikuwa na malighafi gani. Chukua waya mmoja, ukaze, uupige: utasikia sauti moja nene. Uguse katikati kwa kidole, taratibu bila kuubana, kisha uupige tena, na sauti itapanda mara mbili. Gusa kwenye theluthi, kisha robo, kisha sehemu moja ya tano, na kila mara itatoka sauti nyingine, juu ya ile iliyotangulia. Sauti hizo hazikupangwa na binadamu. Zimo ndani ya waya wenyewe, na zimo ndani ya koo la mtu pia. Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, aliyefanya kazi Ugogoni mwaka 1962, alionyesha kwamba ngazi ya muziki ya Wagogo imejengwa juu ya sauti hizo za maumbile, kuanzia ya nne hadi ya tisa.

Sauti ya saba katika mpangilio huo ndiyo inayowashangaza wageni. Ukiitafuta kwenye kinanda hutaipata, kwani iko chini ya kibonyezo kilicho karibu nayo kwa takriban theluthi moja ya nusu sauti. Anayesikiliza kwa masikio yaliyolelewa na kinanda cha kanisani au cha studio atadhani mwimbaji ameshuka. Hajashuka. Yuko pale pale maumbile yalipoiweka sauti hiyo, na kilichohama mahali pake ni kinanda, ambacho Ulaya walikirekebisha ili kiweze kupiga funguo zote kwa usawa.

Hata namna Wagogo wanavyoimba kwa sauti mbili inatoka humo. Mwimbaji wa pili haendi kwenye sauti jirani, huruka moja. Wa kwanza akiwa kwenye ya nne, mwenzake yuko kwenye ya sita. Akipanda ya tano, mwenzake anakutana na ile ya saba. Kundi zima likiimba hivyo unasikia mwambatano mtamu, uliokuwepo kabla mmisionari yeyote hajafungua kitabu cha nyimbo za kwaya.

Ilimba nayo imeundwa kwa mantiki hiyo. Ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake, na mpigaji hulishika kwa mikono miwili akavibonyeza na kuviachia kwa vidole. Baadhi ya vyuma havipigwi kabisa. Vimewekwa ili viitikie: chuma kilichopigwa kikilia, cha jirani chenye sauti inayolingana nacho hutetemeka chenyewe. Kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, nao hutoa ule mvumo wa kama nyuki ambao fundi mitambo asiyejua angeweza kuhangaika kuuondoa akidhani spika imepasuka. Mvumo huo ni sehemu ya muziki. Zawose alipiga ilimba kubwa zenye vyuma kwa makumi, zinazojaza nafasi ambayo bendi ingejaza kwa magita mawili na besi. Alipiga zeze pia, na juu ya vyombo hivyo aliweka sauti yake, iliyoweza kuanza chini kabisa kifuani na kupanda hadi ya juu kabisa kichwani katika mstari mmoja wa wimbo.

Malighafi hiyo ni ya Wagogo wote. Lakini kuamua mzunguko gani wa ilimba urudiwe, kiitikio kiingie wapi, sauti ipande lini na maneno gani yasemwe kuhusu jambo gani, hiyo ni kazi ya mtu mmoja aliyekaa chini akafikiri.

Safari ya Zawose nje ya Ugogo ilianza kwa siasa. Desemba 10, 1962, nchi ilipokuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba anaunda wizara ya utamaduni, akasikitika kwamba wasomi wa nchi walijua kucheza dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Vikaanza vikundi vya serikali, na Zawose akaitwa Dar es Salaam na Mwalimu. Hatua hiyo ilimpa mshahara, jukwaa na safari za nje. Ilimpa pia mtihani ambao watunzi wa bendi hawakuupata. Ngoma ya kijijini ina saa zake: inaweza kuchukua usiku kucha, na anayesikiliza ndiye huyo huyo anayeitikia na kucheza. Jukwaani unapewa dakika chache, na mbele yako watu wamekaa kwenye viti, wengi wao hawajui neno moja la Kigogo. Wapo waliojibu mtihani huo kwa kuigeuza ngoma kuwa gwaride la tabasamu na mavazi. Zawose aliujibu kwa kutunga. Alifupisha bila kukata mizizi, akaleta maneno ya Kiswahili pale alipotaka nchi nzima isikie, na akaiacha ile sauti ya saba mahali pake.

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa, chuo ambacho leo ni TaSUBa. Zawose alifundisha huko, na Bagamoyo ikawa nyumbani kwa ukoo mzima. Mgogo wa nyanda kavu za Dodoma akalelea wanamuziki wake kando ya bahari, na kizazi cha wanamuziki wasio Wagogo kikajifunza ilimba kutoka kwake. Kama kuna chombo cha kabila moja kilichogeuka kuwa chombo cha taifa kwa juhudi za mtu mmoja, ni hicho.

Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Uingereza, Triple Earth, ilitoa albamu za kikundi kidogo alichokuwa nacho pamoja na Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Ndipo masikio ya Ulaya yakaanza kumjua. Kisha akaingia Mwingereza Peter Gabriel, na hapa nataka tusimame kidogo, kwa kuwa maisha ya watu hawa wawili yakiwekwa pamoja yanaonyesha jambo.

Gabriel alianza katika kundi la Genesis, lililoundwa na vijana wa shule mwaka 1967. Mwaka 1975 aliliacha, na mwaka 1977 akatoa albamu yake ya kwanza peke yake. Magazeti, mikataba na sheria vilikuwa tayari kumpokea: kila wimbo ulikuwa na jina la mtunzi, na jina hilo lilimfuata mlangoni alipotoka, jambo ambalo Zawose hakulipata hapa kwetu. Fedha na umaarufu alivyovipata alivitumia kwa mambo yenye faida kwetu pia. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha shirika la muziki la WOMAD, ambalo tamasha lake la kwanza lilifanyika mwaka 1982, na mwaka 1989 ikazaliwa lebo yake ya Real World. Mwaka huo huo lebo hiyo ilitoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala. Mwaka 1996 ikatoa Chibite ya Zawose.

Kwangu Chibite ndiyo kazi yake kuu. Ina ilimba, zeze, sauti na familia, bila pambo. Mwaka 2002 ilifuata Assembly, aliyoshirikiana na Michael Brook, mpiga gita na mtayarishaji kutoka Kanada ambaye awali alikuwa amefanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Wapo wanaoipenda zaidi hiyo ya pili, na ninawaelewa, kwani inamfungulia njia kijana aliyezoea muziki wa studio. Lakini gita na mashine huja na ngazi yao, na pale zinapotawala sisikii tena ule mgongano mtamu wa sauti za maumbile. Zinaponyamaza kidogo na kumwachia Zawose koo lake, muziki unarudi kuwa mkubwa. Mwaka huo huo yeye na mpwa wake Charles Zawose walifuatana na Gabriel Marekani, wakifungua maonyesho yake mbele ya kumbi zilizojaa watu waliokuja kumsikiliza Mwingereza.

Kufikia mwisho wa mwaka 2004, wote wawili hawakuwepo. Hukwe alifariki mwishoni mwa 2003 na Charles mwaka 2004. Ukoo haukuvunjika. Msafiri Zawose, mwanawe, alitoa Uhamiaji mwaka 2017. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, wakijiita The Zawose Queens, walitoa Maisha kupitia Real World. Hili la mwisho lina uzito wake. Katika desturi ya Kigogo mwanamke ndiye mwenye ngoma za muheme, anazozibana mapajani na kuzipiga kwa nguvu ya kutisha, lakini ilimba na zeze vilikuwa mikononi mwa wanaume na mwanamke aliitikia. Pendo na Leah wameshika vyombo, wanaongoza na wanatunga.

Utunzi kama huo unalindwa kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua vyote viwili: haki ya mtunzi katika utunzi wake, na ulinzi wa sanaa za jadi ambazo ni mali ya jamii. Tatizo letu ni kwamba mara wimbo ukisikika na ilimba ndani yake, tunautupa moja kwa moja kwenye fungu la pili. Mtu anaweza kuuchukua, akauweka kwenye video yake, akaandika "ngoma ya asili ya Dodoma", akalala usingizi mzuri. Angefanya hivyo kwa wimbo wa Marijani, tungempigia kelele siku hiyo hiyo.

Simu zetu za mkononi zinarekodi ngoma kila wiki huku Kondoa, Chamwino na Bahi: harusini, kwenye jando, kwenye mikutano ya kampeni. Ombi langu kwa anayerekodi ni dogo. Kabla hujaituma video kwa mtu wa kwanza, mfuate anayeongoza wimbo, muulize kama ni wake au ameurithi, na kama ni wake, andika jina lake kamili na kijiji chake chini ya video hiyo. Na wewe unayeongoza wimbo, ukiulizwa, usione haya kusema ni wewe uliyeutunga. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukausajili.