Mbuzi aliyejificha katika neno 'caper'

Juzi mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea tafsiri ya hadithi ya watoto. Kila kitu kilikuwa shwari hadi ukurasa wa tatu, ambapo watoto wanatoka darasani mvua ilipokatika. Hapo aliandika kwamba watoto "waliruka", kisha chini ya ukurasa akaongeza maelezo: Kiswahili hakina neno la dhana ya 'caper'.

Nilimwambia, "Hebu keti, mwanangu. Tuanze na neno lenyewe."

'Caper' ni kitenzi na pia nomino. Maana yake ya msingi ni kurukaruka huku na huku kwa furaha, bila lengo jingine ila mchezo. Neno hili lilianza kutumika katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, na Shakespeare mwenyewe alilitumia. Wataalamu wengi wanaona kwamba ni ufupisho wa 'capriole', neno lililotoka Kiitaliano likiwa na maana ya mruko. Mruko huo uliitwa kwa jina la 'capriolo', mnyama wa porini anayefanana na paa. Jina la mnyama huyo nalo lina mzizi katika neno la Kilatini 'caper', yaani beberu. Kwa hivyo, anayesema 'caper' anamtaja mbuzi bila kujua!

Ukoo wa mbuzi huyu ni mpana. Hadi leo, mruko wa farasi waliofunzwa, ule wa kupaa na kurusha teke la nyuma wakiwa hewani, huitwa 'capriole'. Wafaransa nao walikuwa na gari jepesi la magurudumu mawili, la kukokotwa na farasi, ambalo lilidundadunda njiani kama mbuzi anayeruka. Wakaliita 'cabriolet'. Lilipofika London, Waingereza wakalikata jina likawa 'cab'. Basi wewe unayeita 'cab' usiku jijini Nairobi, elewa kwamba unamwita mbuzi akupeleke nyumbani. Ile Tropiki ya Kaprikoni tuliyokaririshwa shuleni pia ina mbuzi ndani yake: maana yake ni pembe za mbuzi.

Baadaye maana ya 'caper' ilipanuka. Kutoka kwenye mruko, likaja kumaanisha kituko au utundu, na katika karne ya 20 huko Marekani likatumika hata kwa njama za wizi. Ndiyo maana mfasiri hawezi kuwa na kisawe kimoja cha kubandika kila mahali. Muktadha ndio uamuzi.

Sasa turudi kwa maelezo yale ya chini ya ukurasa. Je, ni kweli kwamba Kiswahili hakina neno? Kiingereza kilikopa mbuzi wa wenyewe ili kueleza furaha ya miguu. Kiswahili hakikuhitaji safari hiyo. Kinachukua kitenzi chake na kukirudia: ruka, rukaruka, cheza, chezacheza, tembea, tembeatembea. Huu ndio uradidi. Aliyeruka amevuka kitu, labda mtaro. Anayerukaruka havuki chochote. Anarudia kitendo kwa wepesi na kwa raha yake. Isitoshe, tunalo neno chachawa, la mtu aliyechangamka hadi mwili ukakataa kutulia.

Kosa la mwanafunzi wangu, basi, halikuwa la lugha. Alitafuta neno moja katika kamusi, akalikosa, akaihukumu lugha nzima. Kosa hili nimelisoma katika tasnifu nyingi, na wakati mwingine limeandikwa na watu wenye shahada kubwa. Tunadhani eti lugha ni orodha ya maneno, tukasahau kwamba ni kiwanda cha kuyaunda. Kukopa si aibu. Kiingereza kimekopa na Kiswahili pia kimekopa. Aibu ni kutangaza umaskini kabla ya kupekua ghala lako.

Jioni ile mwanafunzi aliniletea sentensi mpya: "Mvua ilipokatika, watoto walitoka wakirukaruka kama wanambuzi." Maelezo ya chini ya ukurasa yalikuwa yamefutwa. Hakuhitaji kumtaja mbuzi, lakini nilifurahi kumwona amerudi zizini.