Injini ya Dizeli na Magurudumu Yasiyovuta

Mlio darasani Kinondoni, Temeke na kwingineko, wekeni karatasi na penseli karibu, maana leo tutagawanya hesabu.

Zamani mabehewa ya Reli ya Afrika Mashariki yalivutwa na injini za mvuke, zenye kunywa maji mengi njiani. Mwaka 1960 zikaletwa injini kubwa za dizeli, aina ya 90, kutoka kiwanda cha Vulcan Foundry, Uingereza. Kila moja ilikuwa na nguvu za farasi 1,840. Baadaye ziliitwa aina ya 87.

Dizeli hapo haizungushi gurudumu. Huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huendesha mota zilizofungwa penye magurudumu.

Mwaka huohuo, kampuni iliyozitengeneza, English Electric, iliwapa Waingereza injini ya ukoo huo, aina ya 37. Mtambo wake wa dizeli ulikuwa wa namna ileile, wenye silinda 12. Lakini ile ya kwao ilikuwa na jozi 6 za magurudumu, zote zikivuta. Yetu ilikuwa na jozi 8, na 2 kati yake, moja mbele na moja nyuma, hazikuvuta kitu.

Basi za nini? Za kubeba. Reli zetu zilikuwa za chuma chepesi, na uzito ukikaa mahali pamoja reli hupinda au huvunjika, na treni huanguka. Tuchukue mfano wa injini ya tani 96. Ukigawanya kwa jozi 6, kila jozi hukandamiza reli kwa tani 16. Ukigawanya kwa jozi 8, ni tani 12 tu. Mtu abebaye gunia peke yake na watu wawili wanaolisaidiana hawaumii sawa.

Tena njia yetu ilikuwa nyembamba: meta 1 kati ya reli na reli. Ya Uingereza ni milimita 1,435, sawa na hii mpya ya treni za umeme zilizoanza kwenda Morogoro mwaka 2024. Mota zilibanwa hasa!

Mwaka 1967 ikaja ndugu yao mdogo, aina ya 91. Ilikuwa na jozi 4 za kuvuta na 2 za kubeba.

Sasa gawanyeni ninyi: tani 72 kwa jozi 4, kisha kwa jozi 6. Mwonyesheni mwalimu majibu.