Kuvaa Sauti na Kujibiwa: Juu ya Kujibizana kwa Mashairi

Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, kujibizana kwa mashairi huelezwa mara nyingi kuwa ni mashindano tu. Maelezo hayo ni nusu ya kweli. Mtunzi huweza kuvaa sauti isiyo yake, na mwenzake akaingia katika uigizaji huo kwa kalamu. Kinachozaliwa hakimilikiwi na yeyote kati yao.

Chukulia kwamba malenga mmoja anasema kama nahodha ambaye chombo chake kinavuja. Kwa desturi ya fumbo, anayejibu hamwulizi ni chombo gani. Hujibu kama fundi wa kalafati, au kama baharia aliyechoka, huku akifuata bahari ileile: mizani 16 katika kila mshororo, 8 kwa 8, na pengine vina vilevile vya kati na vya mwisho. Kufuata vina vya mwingine ni kazi nzito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa maneno mepesi yamekwisha kutumiwa na aliyetangulia. Hapo ndipo ladha ilipo. Anayejibu hulazimika kulipima kila neno la mwenzake, naye aliyeanza hugundua katika jibu maana ambayo hakuitia. (Akitokea mtu wa tatu akalifumbua fumbo waziwazi, mchezo umekwisha.)

Tofauti huonekana katika "Mnazi: Vuta N'kuvute", shairi la Abdilatif Abdalla lililomo katika Sauti ya Dhiki (1973). Alii na Badi wanagombea mnazi, lakini kalamu ni moja. Ngonjera za Mathias Mnyampala nazo hugawa sauti kwa wasemaji, ila mtunzi anaujua mwisho tangu mwanzo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipojibizana na Zahidi Mgumi wa Lamu, katika karne ya 19, hakuna aliyeweza kujitungia jibu la mwenzake.

Kwa hiyo uaminifu wa mwenzi ni sharti la sanaa yenyewe, wala si suala la adabu tu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 likitoka kila mwezi, liliwazoeza washairi kungoja. Aliyetuma fumbo likakosa jibu alibaki na nusu ya shairi. Diwani zinazochapa upande wa mtunzi mmoja na kuyaacha majibu huleta hasara iyo hiyo: msomaji humsikia nahodha akiita, asijue kwamba fundi aliitika.