Gari Linapolia Asubuhi: Huenda ni Mkanda

Wengi wetu gari la kwanza tunalonunua hapa Marekani ni kuukuu. Baridi ikianza, ukiwasha tu, mbele panatoka mlio mkali kama filimbi, na baada ya dakika chache unanyamaza. Mara nyingi unaolia ni mkanda wa injini, ule ambao mafundi wa nyumbani huuita fenibelti.

Mkanda huo ni wa mpira. Unazungushwa na injini, nao unazungusha alteneta inayochaji betri, kompresa ya kiyoyozi na, katika magari mengi ya zamani, pampu ya usukani na pampu ya maji yanayopoza injini. Ukilegea, ukichakaa au ukilowa, unateleza juu ya puli, na kuteleza huko ndiko kunakolia. Sikiliza unapokata usukani hadi mwisho au unapowasha kiyoyozi. Kelele ikizidi hapo, mkanda unateleza.

Usingoje ukatike

Mkanda ukikatika barabarani, taa ya betri itawaka na usukani unaweza kuwa mzito ghafla. Kama ndio unaozungusha pampu ya maji, injini inaweza kuchemka ndani ya dakika chache. Egesha pembeni, zima, omba msaada. Ukisema "acha nifike kazini kwanza", unaweza kuua injini nzima kwa sababu ya mkanda ambao kwa magari mengi bei yake ni makumi machache tu ya dola.

Uangalie mwenyewe

1. Zima injini, iache ipoe, na utoe ufunguo. Katika magari mengine feni inaweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo weka mikono mbali nayo.

2. Fungua boneti, mulika kwa tochi. Tafuta nyufa, nyuzi zilizochomoka, sehemu zinazong'aa kama kioo, au mafuta yaliyomwagikia mkanda. Mikanda ya siku hizi huweza kuisha bila kupasuka, kwa hiyo kukosa nyufa si uthibitisho kwamba ni mzima.

3. Funga nywele, vua mtandio na mkufu, kunja mikono ya nguo, watoto wakae mbali. Washa injini, kisha ukiwa umesimama kando nyunyiza maji kidogo kwenye upande wa mkanda wenye mistari. Kelele ikizidi papo hapo, mkanda umelegea au kifaa kinachoukaza kimechoka. Ikikoma kwa sekunde kadhaa halafu ikarudi, huenda puli hazijakaa sawa kwenye mstari mmoja. Hapo mkanda mpya peke yake hautaponya.

Usipake sabuni wala grisi, na usidanganyike na dawa ya kupuliza. Kelele inanyamaza siku chache, ugonjwa unabaki. Na kama kuna mafuta au maji yanayovuja juu ya mkanda, ziba kwanza panapovuja, la sivyo mkanda mpya nao utaharibika.

Kubadilisha

Ukijua kushika spana, kazi hii inawezekana katika magari mengi. Kabla ya kuutoa mkanda wa zamani, piga picha njia unayopita. Mara nyingi kuna pia mchoro chini ya boneti. Linganisha mpya na wa zamani kwa urefu na upana, na hakikisha mistari yake imeingia vizuri kwenye puli zote. Maduka mengi ya vipuri huazimisha vifaa kwa kuweka amana, na mengi hupima betri na alteneta bure. Lakini soma kwanza mkataba wako wa nyumba: wenye nyumba wengi hawaruhusu kutengeneza magari kwenye maegesho.

Ukienda gereji

Omba makadirio ya bei kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Uliza: ni mkanda tu, au pia kifaa cha kuukaza? Mwambie fundi mapema kwamba unataka urudishiwe mkanda wa zamani, na utunze risiti. Usipoelewa karatasi, usisaini. Ilete ofisini kwetu, tuisome pamoja.